Bata Mwekundu wa Bonde la Msimbazi

Mkasa huu nimeuficha miaka, na mke wangu Tatu akitaka kuuanza mbele ya wageni nilikuwa namkanyaga mguu, lakini leo mmenibana, basi aibu yangu ichukueni.

Enzi ya Mwingereza nilikuwa karani mdogo wa serikali, nakaa Kariakoo, na bwana mkubwa wa ofisini kwetu alikuwa na wazimu wa ndege (Jumapili nzima yeye na darubini yake), akaniambukiza, nami nikawa na daftari langu la kuandika kila ndege ninayemwona. Masika yale bonde la Msimbazi lilijaa maji likawa ziwa, nikapita asubuhi, nikaona bata kifua chekundu, kichwa zambarau, mbawa nyeupe pe! Nikamchora, na badala ya kuuliza hata mtu mmoja pale kando ya maji, nikakimbilia ofisini.

Bwana aliutazama ule mchoro mpaka miwani ikamteleza. "Huyu hayumo kitabuni," akasema. "Tukipata picha yake nitaipeleka Ulaya, na jina lako chini yake."

Jina langu Ulaya! Nilimwambia kila niliyekutana naye sokoni, hata saa kumi tulipofika na kamera, nusu ya Kariakoo ilikuwa imeshatangulia. Bata yuko mbali, picha haitoki. Nikasema mimi nitamsogeza, nikavua kanzu, nikabaki na msuli, nikaingia majini. Yule bata, badala ya kuruka, akanijia mbio (hapo ningeshtuka, lakini akili yangu ilikuwa imeshapanda meli). Nikamkumbatia, nikaigeukia kamera, nikatabasamu, na msuli wangu ukafunguka ukaenda zake na maji.

Mara nasikia sauti ya mwanamke: "Jamani, bata wangu! Siku ya tatu namtafuta, tangu alipotumbukia kwenye rangi yangu ya mikeka!"

Alikuwa Bi Zena, msuka mikeka, mama yake Tatu. Mkwe wangu, nyie!

Maji yenyewe ya magotini. Nikamshusha bata, akawa ndiyo nguo yangu. "Shikamoo mama," nikasema, sijui hata kwa nini, na watu wakaanguka kwa kicheko, bwana mkubwa akakaa chini kwenye tope na kamera yake.

Bi Zena hakucheka. Aligeuza uso, akavua kanga ya kichwani, akanirushia bila kutazama. "Jifunge kwanza, baba. Salamu baadaye."

Alinifukuzia watu wote pale, akanisindikiza mpaka nyumbani, yeye mbele na bata wake, mimi nyuma na kanga, na neno hakulitaja tena. Ila Idi ilipofika aliniletea msuli mpya, na ndani yake kaukunja mkanda.

Ndege bado nawapenda. Lakini nikimwona nisiyemjua, kabla sijafungua daftari, nauliza kwanza kama ana mwenyewe.