Tata ameomba ubao wa sataranji

Jamani, leo Tata amenifunga nikabaki mdomo wazi!

Tata ndiye baba yangu, na alipata kiharusi mwaka jana. Tangu hapo hakugusa tena sataranji, mchezo aliotufundisha watoto wake wote hapa Nyanga.

Leo baada ya chai akaniambia, "Koku, leta ubao."

Nikapanga kete zote. Moyoni nilishaamua kumwachia ashinde.

Akatikisa kichwa. Kwa ule mkono wake mzima akaziondoa karibu zote, akabakiza wafalme wawili na askari wake mmoja.

"Tata, mbona unazitoa?"

"Zikiwa nyingi nachanganyikiwa. Acha nizoee hizi chache kwanza."

Tukacheza. Kumhurumia nikasahau kabisa, nikawa nazuia kwa akili zangu zote! Mfalme wangu akienda huku, wake ameshawahi njia. Taratibu, askari wake akafika mstari wa mwisho upande wangu, akageuka malkia, nami nikafungwa.

Huyu mtu kuna asubuhi anashindwa kukumbuka jina langu.

Nikamuuliza kama amechoka.

"Panga tena," akasema. "Sasa niongezee ngome."

Nimepanga huku nalia. Hebu niambieni, nyie mngeweza kujizuia?