Dada Rukia na Kitanda cha Kuoshea

Usiku ule nililala na uongo mdomoni. Jioni ile Zaina, binti wa marehemu dada yangu Rukia, alirudi kutoka hospitali akaniuliza, "Mama mdogo, mama alikufa kwa ugonjwa gani? Nesi anataka kujua." Akanieleza kwamba siku hizi hawangoji uvimbe utokeze. Wanapima damu, wanaona kama saratani ya matiti inatembea katika ukoo, na wakiiwahi wana dawa zinazouandama ugonjwa wenyewe. Ila kwanza lazima wajue nani katika ukoo aliugua, na asubuhi alitakiwa apeleke jibu. Nikamwambia, "Presha."

Mimi ndiye niliyemwosha Rukia. Ninaosha maiti za kike mtaani kwetu, na ada yetu inajulikana: ulichokiona chini ya shuka unakizika pamoja na mwenyewe. Niliona titi la kushoto limeoza, titi ambalo dada alilificha kwa kanga mpaka mwisho. Nikaweka pamba, nikaweka karafuu maiti, nikafunga mdomo. Nilijiona mwaminifu.

Basi nikalala. Mlango ukavunjika, akaingia Rukia na sanda yake, imelowa. Hakunisalimu. Alinikamata nywele akaniburura hadi uani, nikakuta kitanda cha kuoshea kiko tayari. Ananitupa juu yake, kichwa kinagonga mbao, nasikia damu ikichuruzika sikioni. Ananimwagia maji yanayochemka, kata baada ya kata, ngozi inachunika. Napiga kelele. Anachukua pamba, ananishindilia kinywani kwa kidole gumba, bonge juu ya bonge, mpaka taya linaachia.

"Si unajua kunyamaza?" anasema. "Nyamaza basi."

Mwosha huoshwa. Neno hilo nimelisema misibani mara nyingi, tena kwa sauti ya upole, bila kujua linauma hivi. Niliogopa. Nilimchukia dada yangu na nilimtamani, vyote kwa pamoja.

Mara mimi ndiye nimesimama na kata, na kitandani amelazwa mtu chini ya shuka. Naanza upande wa kulia, kama ilivyo ada. Mkono unafika kushoto, unakuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama. Kinakua chini ya vidole vyangu. Kinapasua ngozi, usaha unanirukia usoni, shuka inateleza. Ni Zaina. Macho yake yako wazi, ananitazama kama anavyonitazama asubuhi akitaka chai.

Nashika pamba nimzibe. Rukia ananidaka mkono, anauvunja kwenye kifundo, nasikia mfupa ukilia. Anaichana sanda yake kifuani, ananikandamiza uso kwenye kidonda, na harufu ni ile ile niliyoifunika kwa karafuu maiti. Nahangaika kupumua. Hanisukumi tena, ila hajaniachia.

"Siri yangu umeitunza, Mwanahawa, nakushukuru," anasema, na sasa analia. "Leo nimeifunua mwenyewe. Usije ukamwosha na mwanangu."

Nikaamka nimeng'ata shuka, mkono niliokuwa nimeulalia umekufa ganzi. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, maana miaka yote hii sikuwahi kumlilia vizuri, nilikuwa na kazi ya kumwosha. Kisha nikaenda chumba cha pili anakolala Zaina. Fomu ya hospitali ilikuwa juu ya mkoba wake. Palipoulizwa ugonjwa wa mama alikuwa ameshaandika "presha," kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Nikamtikisa bega.

"Kuna nini, mama mdogo?"

"Amka, mwanangu, uchukue kalamu," nikamwambia. "Mama yako hakufa kwa presha."