Hewa Iliyochagua Nyumba Moja

"Kama ni hewa, mbona inachagua?"

Aliyeuliza alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa shangazi yangu. Aliuliza huku akikwangua tope kwenye gambuti zake kwa kijiti, kama mtu asiye na haja ya jibu. Tulikuwa tumekaa uani kwa shangazi, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Migori, na nilikuwa nimetoka kueleza kwa kirefu kwamba mikono ya shangazi inatetemeka kwa sababu ya vumbi la mashine za kusaga mawe. Vumbi lile ungeliona kila mahali. Lilitua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye majani ya migomba, hata kwenye ndevu za mbuzi.

"Boma hili lina nyumba sita," akaendelea. "Vumbi ni lile lile. Tunakohoa sote, hilo nakubali. Lakini anayetetemeka ni mmoja. Sasa hiyo hewa yako imemjuaje?"

Watu wakacheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wamegoma, chuo kikafungwa, tukaambiwa twende makwetu mpaka tuitwe. Nilikuwa nasomea jiografia, na zaidi ya jiografia nilikuwa nimejifunza kutoamini mtu: si padri, si chifu, si mhadhiri. Baba, kwetu Kosele, alikuwa amepata habari kwamba dada yake anaumwa. Akanituma. "Nenda ukaone kwa macho yako," alisema. "Uniletee maneno ya kweli, siyo ya wakwe."

Nilimwita Waya, kama sisi Wajaluo tunavyomwita dada ya baba. Ndiye aliyekuwa akinisuka nikiwa mdogo, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Siku niliyofika alitaka kuwasha moto aniandalie chai. Njiti ya kwanza ikamdondoka. Ya pili ikavunjika. Ya tatu iliwaka, lakini mkono ulitetemeka hivi kwamba ilizimika kabla haijafika kwenye kuni. Nilimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kwani hujawahi kuona kiberiti kibovu?"

Kiberiti kilikuwa kizima. Fizi za Waya nazo zilikuwa zimevimba, akala ugali kwa upande mmoja. Usiku usingizi haukumjia. Na yeye aliyekuwa mcheshi kuliko dada zake wote alifoka kwa jambo dogo, kisha akaona haya, akajificha ndani.

Wakwe walikuwa na jina la ugonjwa huo: chira, yaani balaa linalomla mtu aliyevunja mwiko. Mume wake alikuwa amefariki, naye akakataa kurithiwa na mwanamume wa ukoo. Mwiko wenyewe ulikuwa na meno. Mjane asiyerithiwa hajengewi chochote, kwa kuwa hakuna wa kumsimikia nguzo. Jiko lake lilikuwa limeanguka mvua za mwaka uliotangulia, kwa hiyo akawa anapika na kulala katika nyumba ile ile ya udongo na nyasi. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akivua samaki Sindo, hakuweza kuja kujenga kwake kabla mambo ya mama hayajanyooshwa. Na mrithi aliyechaguliwa alikuwa binamu wa marehemu ambaye tayari alikuwa amezika wake wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Miaka ile hakuna aliyetamka kwa sauti walichougua wake hao. Kila mtu alijua.

Waya alinieleza haya yote akichambua mboga, majani yakimponyoka. Kisha akasema, "Mtu mwenye chira hana la kukataa. Lakini kama ni ugonjwa tu, ugonjwa wa kitu fulani, watanishika kwa nini? Wewe si ulisomeshwa kuuliza? Basi niulizie."

Nikauliza. Nilifunga leso puani nikaenda kusimama kando ya mashine mpaka masikio yakavuma. Nikawauliza wanawake waliokaa wakiponda mawe kwa nyundo, watoto mgongoni, nyusi zote nyeupe. Walikohoa, walitema mate ya kijivu, wakanicheka: "Huyu anataka kuandika kikohozi chetu! Mwandikie na cha mbuzi." Lakini mikono yao ilikuwa imara, nyundo haikukosa jiwe. Niliporudi uani na hadithi yangu ya vumbi ndipo nikakutana na lile swali la shemeji yake Waya.

Jibu lilikuja lenyewe siku chache baadaye, mchana, limefungwa kwenye pindo la leso.

Jirani mmoja aliingia, akafungua fundo, akatoa kidonge cha kijivu, kidogo kama choroko. Nilijua kidogo jinsi dhahabu inavyopatikana pale: mchanga uliosagwa huoshwa kwenye karai, humwagiwa zebaki, yale maji ya fedha yaliyo ndani ya kipimajoto, nayo hukumbatia chembe za dhahabu mpaka zinakuwa donge. Kilichofuata sikuwahi kukiona. Waya alifunga mlango. Akafunga na kidirisha.

"Mbona unafunga?"

"Upepo unapoza moto. Na macho ya watu, je?"

Aliweka donge kwenye kijiko cha bati, akakishika kwa mikono yote miwili ili kisimwage, akakiweka juu ya makaa yale yale ambayo pembeni yake sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka bila kifuniko. Akainama. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kijiko, kwa kuwa lazima uone rangi inapogeuka, la sivyo unapoteza. Moshi mwembamba ukapanda. Haukuwa na harufu yoyote. Kijivu kikafifia, kikafifia, halafu ghafla kikawa manjano. Jirani akapiga makofi.

"Na ile ya kijivu imeenda wapi?" nikauliza.

Wakatazamana. "Imeisha," akasema jirani.

"Imeisha kwenda wapi?"

"Ai, mtoto huyu! Maji yakichemka, yanaenda wapi?"

Nilitazama mlango uliofungwa, kidirisha kilichofungwa, sufuria ya maharage, nyuso zetu tatu. Ilikuwa imeenda pale tulipokuwa. Hakukuwa na mahali pengine.

"Waya, unachomea watu wangapi?"

"Wote ambao milango yao haifungi vizuri," akasema kwa fahari kidogo. "Kwangu hapaibiwi."

Kumbe hewa haikuchagua mtu. Ililetwa mlangoni kwake, fundo baada ya fundo, miaka nenda miaka rudi.

Nilimpeleka kwenye zahanati moja ya binafsi mjini Migori. Daktari alinisikiliza huku akiandika. "Ameimeza hiyo zebaki?"

"Hapana. Anaivuta, ikiwa moshi."

"Kama hajaimeza, haina shida. Na huo umri wa mama, wasiwasi ni kawaida." Akampa vidonge vya vitamini na vya usingizi. Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa kwa shemeji. Shemeji angalau alikuwa ameuliza swali.

Tuliporudi nilieleza upya, mbele ya boma zima, safari hii juu ya kijiko na moshi wake wenye sumu. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kabla hajafungua kinywa, Waya akasimama.

"Kuanzia leo sichomi," akasema. "Si changu, si cha mtu. Mpaka mahindi yavunwe. Mikono ikitulia, mtaniachia nyumba yangu na mdomo wangu."

"Isipotulia?"

"Nitakubali kurithiwa."

Nilifurahi mno. Kwa msomi halikuwepo jaribio safi kuliko hilo: kisababishi kimoja, kiondoe, tazama. Nilimbana mkono Waya kama tumekwisha kushinda, nikauhisi ukitetemeka ndani ya wangu.

Chuo kikafunguliwa, nikaenda. Niliporudi wakati wa mavuno niliwapitia kwanza wanawake wa machimboni, kwa sababu simwamini mtu, hata shangazi yangu. Walilalamika. Alikuwa amewafukuza mlangoni wote, mmoja amemfukuza kwa mwiko wa ugali. Hakuchoma hata donge moja. Nikatembea kwenda kwake nikiwa karibu kukimbia.

Uani wakwe walikuwa wamekaa wananingoja. Waya alitoka, akanyoosha mikono mbele yao, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

Ilitetemeka. Ilitetemeka kama siku ya njiti.

Hakuna aliyecheka. Shemeji mwenyewe alitazama chini. "Msomi," akasema polepole, "tulikungoja. Hatukukuharakisha."

Niliangalia ile mikono nikitafuta tofauti, hata ndogo, ambayo ningeweza kuisimamia. Hapakuwa na kitu.

Nilipobaki na Waya peke yetu nilimsihi aje Kosele, kwa baba.

"Nirudi kwa kaka yangu na uzee huu? Binti aliyeolewa hazikwi kwao; nikifa mnizike wapi, barabarani?"

"Lakini Waya, huyo mtu amezika wake wawili."

"Najua alichozika. Ubovu wangu ni wa mikono, siyo wa macho." Akanivuta sikio, kidogo tu, kidole kikigongagonga shavu langu. "Nina mtoto anayengoja kujenga. Niache."

Akarithiwa. Binamu yule alisimika nguzo ya kwanza, kama desturi inavyotaka, na ukoo mzima ukaja kujenga: nyumba mpya ya mabati, jiko lake pembeni. Ile ya zamani ikabomolewa, udongo wake ukatawanywa shambani. Mwanawe akaja kutoka Sindo akajenga. Kuchoma dhahabu Waya hakurudia. Alisema neno ni neno.

Krismasi ya mwaka uliofuata nilikwenda kumwona. Alinimiminia chai kutoka birika kubwa, akaliinua juu kwa madaha kama zamani, na uzi wa chai ukashuka kikombeni umenyooka. Hakumwaga hata tone. Nilirudi nyuma kama niliyeona nyoka.

"Umeona?" akasema shemeji kutoka mlangoni, akicheka mpaka mabega yakapanda na kushuka. "Iulize hewa yako sasa!"

Mimi niliyekuwa siamini chochote nililala siku ile nikiwa sijui niamini nini. Alikuwa ameacha zebaki na hakupona. Alikuwa amerithiwa na akapona. Kwa kanuni zangu mwenyewe, chira ilikuwa imeshinda. Kwa miaka mingi sikumsimulia mtu yeyote chuoni habari hii.

Mrithi alitangulia kufa. Waya alikonda, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha vumbi, akamfuata kabla miaka ya tisini haijaisha. Wiki zake za mwisho alikuwa akiketi kitandani akimenya karanga, moja moja, vidole vimetulia kabisa.

Mvi zilikuwa zimekwisha kunitoka nilipopata kujua kwamba mvuke wa zebaki hauishi. Ukipoa hutua kwenye masizi ya paa na kwenye udongo wa kuta, ukakaa humo, na kila moto unapowashwa chini yake, hata moto wa kupikia ugali tu, huinuka tena hewani, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku nyumba inapobomolewa.