Meno ya Baba Jalalani

Mtaani mama yangu wanamwita Mama Magunia, naye anaitika bila kinyongo. Hatupi kitu, mama huyo. Maganda yanaenda shimoni nyuma ya jiko, na mboga zake zimenenepa kuliko sisi. Plastiki ina gunia lake, karatasi ina lake. La vioo hulifunga kwa kitambaa chekundu, ili yule dada mchambua taka wa jalalani anayekuja kulichukua asijikate.

Baba, mwalimu mstaafu, aliona aibu tupu. “Hivi nilioa mke au nilioa jalala?” Wimbo wake wa kila siku.

Basi, ikawa kesho ni harusi yangu, Mama kaenda kwa fundi kufuata gauni. Baba akaapa wakwe hawatayakuta yale magunia. Akakusanya na chupa za jamu zilizojipanga dirishani, akazitumbukiza kwenye gunia la vioo, akalifunga kwa kitambaa kilekile, lori la taka likabeba yote. Akajipongeza. Akaenda kuvaa meno yake ya bandia.

Lahaula! Meno huyaloweka kwenye chupa ya jamu.

“Mimi sisimami mbele ya wakwe hivi,” akasema, mashavu yamebonyea. “Mjomba wako atatoa nasaha.”

Mjomba! Yule ambaye akishika kipaza sauti hata umeme ukikatika haachi? Nikafoka. Nilimtaka baba yangu, hata awe kibogoyo.

Mama aliporudi hakugomba. Alivaa mabuti tu. “Twendeni.”

Jalala la mji, kwa mbali nilidhani ni kilima, kumbe ni sisi wenyewe: viti vyetu, viatu vyetu, mikate mizima. Baba aliduwaa. Hakuwahi kujiuliza lori linaenda wapi.

Yule dada akatupokea akicheka. “Mama, leo umenisusa? Nimekiona kitambaa chako juu ya lori, nikaliweka gunia kando.”

Meno yalikuwemo, yamekenua. Baba akanyoosha mkono, Mama akampiga kikofi. “Yachemshwe kwanza, mzee!”

Harusini Baba akainuka. Tukajikaza, maana mwalimu akianza, kengele ndiyo humnyamazisha.

“Mwanangu,” akamwambia bwana harusi, “usitupe cha mkeo kabla hujamuuliza kina kazi gani. Mimi nimechelewa kuuliza.” Akaketi.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa analia, na mwalimu mzima hakujua afanye nini.