Betri ya Nne

Gatini walimwita Bibi Volti: fundi umeme wa mashua, ulimi mkali kuliko koleo lake. Kwa mara ya tatu wiki hiyo alishuka ndani ya mashua ya matanga ya Mzee, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye, ajabu ya Mungu, hesabu hakuziamini.

"Friji imezima tena," mke wa Mzee alisema, kakumbatia kasha la sindano zake za kisukari. "Mwanangu, kesho tunang'oa nanga, siku nne majini. Dawa isipokaa kwenye baridi, mimi sisafiri."

Bibi Volti akashusha pumzi. Hesabu alishaipiga, akaibandika ukutani kabisa: friji, taa, redio na pampu kwa siku vinakula kama robo ya betri tatu mpya, na paneli za jua zinarudisha kilicholiwa. Hata wingu likitanda siku nzima, betri hazishuki kufika nusu. Sasa nini tena?

Akapima. Saa nane mchana, jua linachoma utosi, na betri zina njaa!

"Mzee, umegusa nini?"

"Mimi? Hata!"

Akafuata waya uliojificha chini ya maboya ya kuvaa. Huyo hapo: betri kuukuu, tumbo limevimba, kaunganishwa na wenzake kama mgeni aliyejialika.

"Si nilisema hii itoke?"

"Nimeongeza nguvu tu, binti. Tatu na moja si nne? Au siku hizi mmebadilisha?"

"Hapa ni sifuri, mwalimu! Umeunga ndoo iliyotoboka na ndoo tatu nzima. Ulitegemea maji yabaki wapi?"

"Imenitumikia miaka tisa..."

"Mimi arobaini," mkewe akadakia. "Chagua: betri au mimi."

Mzee akafikiri. Hapo ndipo alipoharibu. Mkewe alishakanyaga ngazi ya kutokea, kasha kwapani.

"Ngoja, mama watoto! Ngoja!" Mzee akanyakua spana, akafungua nati mwenyewe.

Kufika saa kumi na moja mita ya betri ilikuwa imepanda, friji inakoroma, na dawa iko ndani yake. Bibi Volti akaipakia ile maiti kwenye toroli.

"Si uiache hapo gatini," Mzee akabembeleza. "Niiage tu."

"Thubutu! Nakujua, Mzee."

Akasukuma toroli bila kugeuka.