Risasi Kwenye Shimo la Makumbi

Kazi yangu ni kupima tope la bahari. Tunalichota kuanzia Mbweni hadi Bagamoyo, tunalikausha, tunalisaga, kisha tunatafuta madini yaliyojificha humo: risasi, zebaki, shaba. Watu wa kwetu hunicheka kwamba nilisomeshwa kote huko ili nije kushika matope ambayo mama yangu ameyashika maisha yake yote bila cheti.

Wana haki ya kucheka. Mama husokota kamba. Makumbi ya nazi huyafukia pwani yakae miezi mpaka yalainike, ndipo ayapige atoe usumba, nyuzi za kusokotea. Kila mwanamke ana shimo lake, na hugandamiza makumbi kwa mawe ili maji yasiyachukue. Harufu ya shimo lile ndiyo utoto wangu. Nikiwa Dar huitamani kuliko chakula.

Basi safari moja nilichota na tope la shimo la mama. Majibu yakatoka na risasi nyingi ajabu, ilhali mashimo ya jirani hayakuwa nayo. Nikarudi Bagamoyo nikiwalaani watu wanaotupa betri ovyo.

Maji yalipokupwa nilifukua, mama amesimama pembeni. Juu ya makumbi hapakuwa na mawe. Palikuwa na wavu wa marehemu baba, na risasi zake zote za kuuzamisha zikiwa pindoni. Mama alipotoka eda nilimwuliza wavu uko wapi, akaniambia ameutoa sadaka.

"Nguo zake nilizitoa," akasema sasa. "Wavu sikuweza, mwanangu. Na nyumbani nisingeweza kuutazama."

Nilimweleza kwamba risasi ni sumu, inaingia kwenye tope, kwenye kaa, mpaka mikononi mwake. Akasema basi nitoe hizo risasi, wavu nimwachie. Tukakaa mchangani nikazikata moja moja. Baba alikuwa akizibana kwa meno, na tukimkataza anacheka tu. Alama za meno yake zilikuwa bado zipo. Nilimtaka baba yangu siku ile kama mtoto mdogo.

Nilizipeleka zinakopokelewa taka za sumu, isipokuwa moja. Hiyo nimeifungia kwenye kichupa, ipo mezani kwangu maabarani.

Juzi mama alipiga simu kuuliza kama zile risasi zote nimeshazitupa. Nikamwambia ndiyo, zote.