Sekunde Sitini za Ghislain

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Panda, mjini Likasi, Kongo. Viviane amepiga magoti mbele ya kisanduku cha umeme cha pampu ya maji ya mtaa, kompyuta mapajani. Anabonyeza kitufe. Pampu inanguruma, midomo ya Viviane inahesabu mpaka sitini, pampu inazima. Madumu mawili yamejaa.

"Inatumika muzuri," anasema, bila kutabasamu.

Viviane, miaka 31, ni fundi msaidizi. Programu ya pampu iliandikwa na Ghislain, fundi mkuu aliyesomea Lubumbashi, na hapo ndipo penye donda. Viviane alijifundisha kwa miaka minne, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ghislain akipita, akina mama humwita "Ingénieur", yaani mhandisi. Viviane bado ni "mutoto ya Germaine", mtoto wa mama yake tu.

"Sitakudanganya," anasema. "Bakimusifu yee, minye roho inaniuma."

Mwezi uliopita wivu huo ulikaribia kumponza. Kila ukibonyeza kitufe, pampu ilikuwa ikisukuma maji kwa sekunde thelathini, dumu moja. Ghislain akaandika sitini badala ya thelathini, ili yajae madumu mawili. Tangu hapo pampu ikawa inaguna mara moja na kuzima. Akaifungua mota, akaifunga, siku mbili jasho linamtoka.

Mota haikuwa na neno. Viviane aliliona kosa katika dakika tano za kwanza. Kompyuta ya pampu huhesabu muda kwa sehemu za elfu za sekunde, kwa hiyo huzidisha sekunde kwa elfu moja. Namba zote mbili ziliandikwa kwa aina ndogo ya namba, ambayo mwisho wake ni 32,767. Elfu thelathini zinaenea. Elfu sitini haziingii: jibu linageuka kuwa hasi 5,536, na pampu inadhani muda umeshapita.

Ghislain alikuwa ameandaa namba kubwa ya kupokea jibu, ila jibu lilifika limeshaharibika. Ni kama kusongea ugali wa familia nzima kwenye kikombe kwa kuwa sahani ni kubwa. Dawa yake ni herufi moja, L, mwishoni mwa ile elfu moja, ili mashine izidishe kwa aina kubwa.

Viviane akanyamaza. Kamati ya maji ilikuwa karibu kuchagua fundi wa pampu mpya ya mji wa Kambove. Acha aaibike, akajisemea.

Jioni ya siku ya pili mama yake, Germaine, miaka 63, aliingia na dumu la lita ishirini kutoka kisima cha mtaa wa Shituru, bega limechubuka. Viviane akajisifu: "Maman, kosa iko mu programme. Minye niliiona tangu jana."

Germaine akalitua dumu. "Basi haikukuwa pompe njo ilinibebesha hii mayi. Ni weye."

Kesho yake asubuhi Viviane akaiandika ile L mbele ya macho ya Ghislain. Maji yakatoka. Wanawake wakapiga makofi: "Merci, Ingénieur!" Ghislain akazipokea shukrani, akawapungia mkono.

"Siku ile ningemunyonga," anasema Viviane.

Jumapili hii kamati inachagua. Ghislain ameomba kazi ya Kambove. Viviane naye ameomba, kwa jina lake mwenyewe, na anataka wote wawili wapimwe hadharani.

"Bakimuchagua yee, nitalia wivu," anasema, akijitwika dumu la mama yake. "Lakini nikiona kosa, nitasema siku ileile."